Santos, Kwenda na Kurudi

Dadangu aliposwa katika mwezi wa Rajabu, na jioni ile ile nilikuwa na haki ya kumuoza. Baba yetu alikwishakufa. Mimi nilikuwa kaka yake wa baba mmoja na mama mmoja, mtu mzima mwenye akili zangu, nakaa naye nyumba moja. Sharia haikutaka zaidi ya hapo. Badala ya kumuoza, nilikwenda Brazili.

Wajukuu wa ami yangu wakilisikia hili wanacheka, wananiomba niwasimulie habari za meli. Mimi sicheki. Nimezeeka nalo, na hasira yake haijapungua hata kidogo. Imebadilika tu mahali pa kuelekea. Zamani ilikuwa kwa kakangu mkubwa, kisha kwa karani mmoja wa Bombei, kisha kwa mamangu, Mungu amrehemu. Sasa imerudi kwa mwenyewe.

Tulikuwa tukikaa Matrah, mama, dada na mimi. Tuliingia Maskati kutoka Unguja mwaka mmoja baada ya mapinduzi, kwa dhamana ya ami yetu wa Ansab, ndugu wa baba aliyekuwa hajatoka kwao maisha yake yote. Nilikuwa nimemaliza sekondari, Kiingereza changu kinaandikika, basi nikapata ukarani kwa wakala wa meli. Ofisini palikuwa na ramani ya dunia, imejaa ukuta mzima, na juu yake mistari myekundu ya njia za meli. Kila adhuhuri wenzangu walipokwenda kulala, mimi nilibaki nikiifuata mistari ile kwa kidole. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa mwaka uliopita, meli zote zinazunguka kusini ya Afrika, na kidole changu kilizunguka nazo. Mstari mmoja ulitoka Durban ukakata bahari kuu mpaka Santos, bandari ya kahawa ya Brazili. Mwisho wa mstari ule ndipo alipokuwa kakangu mkubwa.

Yeye aliondoka Unguja kabla yetu, baharia, akashuka Santos akabaki. Alituandikia mara moja kwa mwaka, au asiandike.

Mposaji alikuwa mhasibu, kijana wa kwetu kule kule, mpole, ameingia Maskati kwa shida kama sisi. Alipata kazi Kuwait. Alikaa barzani akasema na mama aliyekuwa nyuma ya pazia, hakuzunguka maneno.

"Bibi, mimi nna kazi inanisubiri Kuwait. Wamenipa muda, lakini mwezi wa maulidi, Mfungo Sita, haunikuti hapa. Mkinikubali, naondoka na mke wangu. Mkinikataa, nambieni mapema nisijivunjie heshima."

Mama akamkubali. Dadangu, aliyekuwa jikoni akijifanya anakaanga, aliunguza vitunguu. Nilimwona uso wake. Tangu tulipotoka Unguja sikupata kumwona na uso ule.

Kisha mama akasema, "Sasa aandikiwe mkubwa, atoe idhini."

"Mama, yuko Brazili."

"Brazili si ahera. Mkubwa yu hai, anakula na kulala, wewe mdogo utaozaje? Watu watasema mwanangu wa kwanza nimemfuta."

"Kwani naolewa na nani mimi," dada akauliza kutoka jikoni, "na huyu mtu au na kaka?"

"Wewe nyamaza, mwari haingilii posa yake."

Nikaandika barua, nikaipeleka posta. Ijumaa iliyofuata nikaenda Ansab kumuuliza ami, ambaye alikuwa amesoma fikihi na watu wakimwendea kwa mambo ya ndoa na mirathi. Alikuwa amekaa kivulini kando ya mfereji wa falaji, miguu ndani ya maji. Hata hakunitazama.

"Kaka wa baba mmoja na mama mmoja wote ni mawalii wa ndoa sawasawa. Aliyepo ndiye. Mlete huyo kijana Ijumaa ijayo, mimi nitakuja na mashahidi, tumalize."

Hapa ndipo pa kwanza nilipokosa. Nilirudi Matrah nikamwambia mama: "Ami anasema inafaa, lakini heshima ni kumpata mkubwa kwanza." Nusu ya pili niliizua mimi. Ami hakuisema. Niliizua njiani, juu ya punda, nikiwa naiona ile ramani.

Mama alifurahi kwamba ami yuko upande wake. Wiki nne zikapita, jibu halikuja. Barua kutoka Maskati mpaka Santos na kurudi haikuwa na siku zake maalumu. Karani wa meli anajua hilo kuliko mtu yeyote. Ilitakiwa nikae kitako ningoje. Lakini wakala alikuwa ameniambia anaweza kunipatia nafasi ya daraja la chini, kama karani wake, kutoka Bombei mpaka Durban na kutoka Durban mpaka Santos. Nikasema nyumbani, kwa sauti ya mtu anayejitolea, "Basi nitakwenda mwenyewe nikailete idhini."

Dada akanifuata uani. "Kaka, usiende. Ngoja barua."

"Na isipokuja?"

"Isipokuja utaniozesha wewe. Ami si kasema inafaa?"

"Heshima, dada."

"Heshima ya nani?"

Nilimwambia nitarudi kabla ya kwisha Mfungo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, na nikamwapia.

Siku zile hutoki Maskati bila ruhusa, wala hurudi bila ruhusa. Hakuna ambaye angeniruhusu kwenda Brazili kuuliza neno. Lakini kila mtu alijua mlango wa kutokea: Bombei, matibabu. Nusu ya Matrah ilikuwa na ugonjwa wa Bombei. Nikaandika kwamba nna vidonda vya tumbo, nikapewa ruhusa ya miezi mitatu kwa ajili ya matibabu. Nilipiga hesabu ya safari kwa kidole changu ukutani, nikaona miezi mitatu na kitu, na hicho kitu nikakidharau. Hapa ndipo pa pili.

Nilipanda meli ya posta mwisho wa Shaabani. Ramadhani yote ikanikuta baharini na bandarini, Karachi, Bombei, Mombasa. Durban tulibadilisha meli, na sisi wa rangi yetu tulifungiwa siku nne katika banda la forodha, lina mabenchi ya mbao na bomba moja la maji. Afisa mmoja kijana aliniuliza mimi ni kitu gani. Si nani, kitu gani. Nikamwambia ni karani. Akaandika neno jingine. Nilipandwa na hasira siku ile, na ninaikumbuka hasira ile kwa haya, maana nilidhani ndiyo dhulma kubwa kabisa ya safari ile.

Kisha siku kumi na tatu za maji matupu, halafu asubuhi moja mlima wa kijani, mlango mwembamba wa bahari, na meli ikaingia polepole kati ya majumba kama inaingia mtaani. Santos. Kabla ya kushuka nilisikia harufu ya kahawa mbichi, magunia kwa maelfu gatini, na wapagazi wanakimbia nayo begani wakiimba. Nilisimama kwenye reli ya meli, machozi yananitoka. Si kwa ajili ya dada. Wala si kwa ajili ya kaka. Nililia kwa sababu nimefika mwisho wa mstari mwekundu.

Nilikuwa na anwani kwenye karatasi. Nikapanda tramu, chombo cha reli cha barabarani kisicho na kuta, nikawa namwonyesha kila mtu karatasi yangu mpaka mwanamke mmoja akanishika mkono akanishusha. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko. Kakangu alikuwa ndiyo kwanza anatoka, sanduku la vitambaa mkononi, amenenepa, kofia ya majani kichwani. Alinitazama. Sanduku likamdondoka.

"Nani kafa? Mama?"

"Hakufa mtu."

"Basi nini? Sema!"

"Nimekuja kwa posa ya dada. Nataka idhini yako."

"Si nilikujibu?"

"Sikupata jibu."

"Nilikujibu siku ya pili! Nilikwambia muoze. Wewe umeondoka lini?"

"Mwisho wa Shaabani."

Alianza kucheka. Alicheka akakaa juu ya sanduku lake pale pale njiani, anajifuta macho kwa kofia. "Wallahi mwendawazimu wewe. Umepita bahari mbili kuja kuchukua neno moja, na neno lenyewe mmepishana nalo njiani."

Ningempiga. Nasema kweli, nilikunja ngumi. Wanawe wawili walitoka wakasimama mlangoni, hawajui Kiarabu wala Kiswahili, wakaanza kucheka na wao kwa kumwona baba yao anacheka.

Kakangu alikuwa akiuza vitambaa nyumba kwa nyumba. Watu wa kule mchuuzi wa namna ile wanamwita maskate, na wazee wao wanasema neno lenyewe limetoka kwenye mji wetu. "Maskati sijapata kuikanyaga," akaniambia njiani, "na huku kila mlango nikigonga wananiita jina lake." Alilitaja kama mzaha. Mimi sikuwa na nafasi ya mzaha.

Akatulia, akawa kaka tena. "Sikiliza. Nenda posta sasa hivi. Wapige telegramu: fungueni barua. Maneno mawili. Wiki hii hii mtoto anaolewa."

"Wataifungua wenyewe," nikasema. "Imeshafika hiyo."

"Barua ina jina lako. Unamjua mama. Nyumba ile nani atafungua barua ya mwanamume?"

Alisema kweli. Kwetu barua ina mwenyewe. Nikaenda posta. Nilijipanga foleni, nikaandika maneno mawili na jina la mama, nikafika mbele ya dirisha. Hapo nikamkumbuka karani wa simu wa Maskati. Alikuwa rafiki yetu, akinywa kahawa nasi kila alasiri. Nikamwona anaipokea telegramu, anaisoma, anakuja nayo ofisini. "Jamani, mwenzetu amefika Brazili kutuambia tufungue barua iliyoko nyumbani kwake." Niliwasikia wanavyocheka. Nilikisikia kicheko cha kakangu kikiwa midomoni mwa Matrah nzima.

Nikaichana ile karatasi, nikatoka.

Hapa ndipo pa tatu, na hapa ndipo penyewe. Kwa mengine ningeweza kumtafuta mtu wa kugawana naye lawama. Kwa hili, sina. Dirisha lilikuwa wazi, karani ananingoja, kalamu ninayo mkononi. Nilijiambia kwamba muda upo, Mfungo Sita bado mbali. Nitafika na idhini mkononi, imeandikwa na kusainiwa, na safari yangu itakuwa na maana. Nilimwambia kaka nimeshapiga.

Akaniandikia idhini nyingine, nikaifunga kwenye karatasi ya nailoni nikaitia mfuko wa shati. Meli ilikuwa baada ya wiki tatu. Wiki hizo tatu nilikula, nikaogelea, nikapanda tramu mpaka mwisho wa njia na kurudi, na tena mpaka mwisho na kurudi, bila ya kwenda popote. Nilifurahi. Nikikaa peke yangu sasa, hicho ndicho kinachoniudhi kuliko kufungiwa Durban. Nilifurahi sana.

Nilirudi kwa njia ile ile, banda lile lile la Durban, na nikafika Bombei mwanzo wa Mfungo Nne. Zilibaki siku nne za bahari kufika nyumbani. Nikaenda kukata tikiti ya meli ya posta. Karani aliishika ruhusa yangu ya Maskati akaisoma mbele na nyuma.

"Hii imekufa. Ilikuwa ya miezi mitatu."

"Nilichelewa kwa ajili ya ugonjwa."

"Ulitibiwa hospitali gani?"

Nikataja hospitali moja niliyoiona njiani.

"Lete cheti chao." Huku anafungua pasi yangu. Akaona muhuri, akaugeuza kwenye mwanga, akamwita mwenzake. "Njoo umwone mgonjwa. Vidonda vya tumbo vyake vimempeleka Brazili."

Wakacheka wote wawili. Nilipiga meza. Nilisema maneno ambayo karani hamwambii karani mwenziwe. Hakukasirika. Alinirudishia karatasi zangu moja moja, akaniambia siwezi kupanda mpaka Maskati yenyewe iandike kwamba inanipokea, na akamwita mtu wa nyuma yangu.

Nikaandika Maskati. Nikaandika tena. Nilikuwa nikilala nyumba ya wageni karibu na bandari, na kila meli ya posta ikiondoka nilikwenda kuitazama. Kila wiki nilisema wiki ijayo jibu litakuja, kila wiki nilipita mbele ya posta ya Bombei. Telegramu sikupiga. Sasa ilikuwa aibu juu ya aibu: nitasema nimekwama wapi, na kwa uongo gani? Mfungo Nne ukaisha. Mfungo Tano ukaisha. Mwezi wa Mfungo Sita ulipoandama, watu wa nyumba ile walisoma maulidi, na katikati ya kisomo niliinuka nikatoka mbio, viatu mkononi. Asubuhi nikapiga. Fungueni barua.

Mposaji alikuwa ameondoka siku nane kabla.

Haya mengine nimeyajua baadaye, vipande vipande. Barua ya kaka iliingia Matrah katika Ramadhani, siku kumi na tisa baada ya mimi kuondoka. Dada aliijua kwa stempu. Akamwomba mama aifungue, mama akakataa. "Ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba atakuja." Akaiweka juu ya kabati. Kila siku dada alifagia chumba kile. Mposaji naye aliambiwa barua ipo, na yule muungwana akasema hawezi kufungua barua isiyo yake. Basi wote wakakaa na adabu zao kuizunguka karatasi moja, wanamngoja mtu aliyekuwa akipanda tramu. Ami alikuja kutoka Ansab akasema yuko tayari yeye mwenyewe kumuoza, mama akamwambia, "Lakini si wewe uliyesema heshima ni kumpata mkubwa?" Ami, kwa kunihifadhi, hakusema kwamba hakusema. Alirudi kwao.

Ni huyo huyo ami aliyenitoa Bombei. Alikwenda Maskati akakaa kwenye mabaraza ya wakubwa siku baada ya siku, mzee wa watu, mpaka wakamwandikia kwamba mimi ni wao. Nilifika Mfungo Saba ukielekea kwisha.

Ilikuwa alasiri. Mama alinikumbatia akalia. Dada hakulia. Alipanda kiti, akaichukua barua juu ya kabati, akaniwekea mbele, juu ya mkeka. Haikuwa na vumbi. Haikuwa imefunguliwa.

"Telegramu hamkuipata?" nikauliza.

"Tumeipata," akasema. "Nilimwambia mama aiache. Ishakuwa haina kazi. Nilitaka uifungue wewe. Soma. Kwa sauti, mama asikie."

Nikafungua. Ilikuwa fupi. Kaka aliandika kwamba amefurahi, kwamba walii ni mimi niliyepo, nimuoze wala nisimcheleweshe mtoto wa watu, na nimpe mama salamu zake, amwombee.

"Rejea," akasema.

Nikarejea.

"Rejea tena."

Mara ya tatu niliiweka chini. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa ile idhini ya pili kwenye nailoni yake, sijui kwa nini, nikaiweka kando ya barua. Akazitazama zote mbili.

"Mbili," akasema. "Na mume hata mmoja hayupo." Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Kuzuri huko?"

"Dada..."

"Nakuuliza. Kuzuri?"

"Kuzuri."

"Basi sema ulikwenda kutembea. Usiniambie heshima, usiniambie mama, usiniambie mkubwa. Sema, nilikwenda kutembea."

Sikusema. Nilikasirika, nikamwambia amekosa adabu, nikatoka nje. Nilimwachia yeye kumnyamazisha mama.

Mposaji alioa Kuwait mwaka ule ule. Mambo ya nchi yalipobadilika alirudi, na leo jengo lake liko Khoudh, si mbali na kwetu. Tukikutana msikitini hunishika mkono kwa mikono yake miwili, ananiuliza afya, hataji kitu. Ningependa anitukane. Dadangu aliposwa mara mbili nyingine, na mara zote mbili alikataa kabla mtu hajafika kwangu. Shule za wasichana zilipofunguliwa akawa mwalimu, akafundisha mpaka kustaafu. Mama alikufa akiamini kwamba ami ndiye aliyetaka tusubiri. Na hilo pia sikulirekebisha.

Tunakaa pamoja, wazee wawili, ghorofa moja juu ya nyingine. Naam, dada, nilikwenda kutembea. Nimeliandika hapa kwa sababu mdomoni bado halitoki, na najua utalisoma.

Najua, kwa sababu tangu siku ile hakuna barua iliyoingia nyumba yetu ikanifikia imefungwa. Ya benki, ya hospitali, ya umeme, mialiko ya harusi, zote zina jina langu na zote anazifungua yeye, anazisoma pale pale mlangoni, akisimama, kisha ananiletea zikiwa wazi. Miaka hamsini na zaidi. Hapo mwanzo mama alimkemea. Mimi sijapata kusema neno.